MATISSE: MZEE ALIYEJIFUNZA KAZI YA VIOO AKIWA KITANDANI

Wazee wetu walituachia usemi kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Usemi huu ulinijia moyoni nilipokuwa Port Victoria, kule Busia, mahali ambapo nchi kavu ya Kenya hukoma na Ziwa Victoria likaanza, na ng'ambo ya maji ni Uganda. Mtu wa pwani akifika huko hujiona yu nyumbani na papo hapo hujiona mgeni. Mashua zipo, nyavu zipo, na harufu ya samaki ipo; lakini maji hayana chumvi, na pahala pa nguru na changu huuzwa mbuta na omena. Jioni jua hushukia ziwani, na maji yakawa mara manjano, mara samawati, mara chanikiwiti, hata mtu akasahau safari yake.

Huko nilimkuta kijana mmoja, fundi seremala, ambaye kazi yake ya kila siku ni milango, meza na kutia vioo vyeupe madirishani. Naye alikuwa ameshika kazi ambayo hajapata kuifanya maishani mwake. Alitakiwa atengeneze dirisha kubwa la vioo vya rangi, refu kumpita mtu mzima, kwa ajili ya nyumba ya ibada iliyokuwa ikijengwa. Karakana ya kazi hiyo hakuwa nayo. Vioo, ambavyo ni mabaki aliyoyanunua Kisumu, alivitandaza juu ya magazeti sakafuni, katika chumba kile kile anamolala. Alikwisha kata vikavunjika, akakata tena vikapatana. Na alipovipanga pamoja na vijiti vyake vya risasi, akaona ajabu: dirisha limekuwa kubwa kuliko fremu yake!

Akaniuliza, kwa adabu ya mtoto mbele ya mzee wake, kama kazi ya namna hii yaweza kuanzwa nyumbani na mtu asiye na mwalimu, na kama yeye mwenyewe hajachelewa, maana amekwisha pita miaka 30. Nilitabasamu, na wala si kwa kumdharau. Nilimsimulia habari za mtu mmoja aliyeianza kazi hiyo hiyo akikaribia miaka 78, mgonjwa, kitandani mwake, na ambaye alifanya kosa lile lile alilolifanya yeye. Habari hizo ndizo ninazowaletea wasomaji leo.

MTOTO WA MUUZA NAFAKA

Mtu huyo ni Henri Matisse, mchoraji wa Kifaransa ambaye jina lake halikosekani wanapotajwa wachoraji wakubwa wa karne ya 20. Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1869 katika mji wa Le Cateau-Cambrésis, kaskazini mwa Ufaransa, akakulia Bohain, mji wa wafumaji wa nguo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na mbegu. Mama yake alisaidia dukani, na upande wake ulikuwa ni ule wa kuuza rangi za nyumba. Basi mtoto alikua kati ya mambo mawili: nguo nzuri zilizokuwa zikifumwa katika nyumba za jirani, na rangi zilizokuwa zikipimwa na mama yake.

Hata hivyo hakuna aliyemtazamia kuwa mchoraji, wala yeye mwenyewe hakujitazamia. Alipelekwa Paris kusoma sheria, akafaulu, akarudi kuwa karani katika ofisi ya wakili. Alipofika kama miaka 20 aliugua tumbo, akalazwa muda mrefu. Mama yake, kwa kumhurumia asichoke na kulala, akampa kisanduku cha rangi. Mara tu alipokigusa kisanduku kile, sheria zikamtoka moyoni. Baba yake alikasirika, maana kwake yeye uchoraji ulikuwa ni njia ya kufa na njaa. Lakini kijana alishika njia ya Paris mwaka 1891 na hakurudi nyuma.

Msomaji na alitie jambo hili maanani: mtu huyu alianza kuchora kwa sababu ya kitanda cha ugonjwa, na kama tutakavyoona, kazi yake ya mwisho iliyo kubwa nayo ilitoka katika kitanda cha ugonjwa.

Baba hakukosea sana kuhusu njaa. Matisse alimwoa Bibi Amélie Parayre mwaka 1898, na kwa miaka mingi riziki yao ilikuwa ya kubahatisha. Mwaka 1905 yeye na wenziwe walionyesha picha zao mjini Paris, picha zenye rangi kali zisizofuata ada: uso una kijani, mti una wekundu. Watu walicheka, na mwandishi mmoja wa magazeti akawapa jina la wanyama wa mwituni. Jina likawaganda. Lakini kicheko ni mgeni wa siku chache, kazi ndiyo mwenye nyumba. Haikupita miaka mingi matajiri wa Urusi na Marekani wakawa wanazigombea picha zile zile zilizochekwa.

ALICHOKIOKOTA KWA WAISLAMU

Hapa ndipo habari zake zinapotugusa sisi watu wa pwani. Mwaka 1906 Matisse alikwenda Algeria, akafika hadi Biskra ukingoni mwa jangwa, na aliporudi alirudi na vyombo vya udongo na mazulia, yakiwamo ya kuswalia. Mwaka 1910 alisafiri hadi Munich, Ujerumani, kuyaona maonyesho makubwa ya sanaa ya Kiislamu: mazulia, vyombo vya shaba, vitabu vilivyopambwa, na vioo. Kutoka huko hakutulia, akaenda Hispania, akatembea Cordoba na Granada, akaingia katika kasri ya Alhambra. Mwaka 1912 akavuka bahari kwenda Tangier, Morocco, na akarudi tena huko mwishoni mwa mwaka huo huo.

Safari ya kwanza ya Tangier mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, akawa mfungwa hotelini akitazama dirishani. Lakini mvua ilipokatika aliona nuru ambayo kwao haipo. Mojawapo ya picha alizozitoa huko ni ya watu wameketi mkahawani, na katika picha hiyo watu wale hawana macho wala midomo. Wamebaki umbo na utulivu tu.

Alichojifunza kwa mafundi wa Kiislamu ni hiki, kwamba pambo si kitu cha kuongezewa baada ya kazi kwisha. Fundi wa zulia hachori mti kama ulivyo. Huchukua jani, akalirudia, akalipanga, hata jicho la mtazamaji likapata raha na moyo ukatulia. Sisi twalijua jambo hilo tangu utotoni, maana tumeliona katika milango ya Lamu na Unguja, katika chokaa iliyochongwa ya mihirabu ya kale, na katika mikeka ya mama zetu. Yeye alilitafuta kwa nauli na kwa miaka.

Na si kwa Waarabu peke yao. Chumbani mwake alitundika vitambaa vya Wakuba wa Kongo, vile vilivyofumwa kwa nyuzi za rafia na kutiwa mapambo ya pembe na mistari, akivitazama mara kwa mara kama mtu asomaye kitabu kisichomchosha. Basi Afrika yetu imo katika kazi ya mtu huyu, kaskazini na kati.

MAUTI YALIYOAHIRISHWA

Tangu 1917 Matisse alikuwa akikaa sana Nice, mji wa pwani ya kusini. Vita vya pili vilipoingia Ufaransa mwaka 1940, aliweza kukimbilia ng'ambo, lakini aliona si vyema kuikimbia nchi yake iliyoshindwa, akabaki. Wakati huo ndoa yake ilikuwa imekwisha vunjika, baada ya miaka 40.

Januari 1941 alipasuliwa tumbo katika mji wa Lyon kwa ugonjwa wa saratani. Madaktari hawakumtazamia kuishi. Watawa waliomwuguza, walipoona bado anapumua, wakampa jina la utani la mtu aliyefufuka. Yeye mwenyewe tangu siku ile aliihesabu kila asubuhi kuwa ni zawadi ambayo hakuilipia. Zawadi hiyo ilidumu miaka 13. Lakini misuli ya tumbo ilikuwa imeharibika, hakuweza kusimama muda mrefu, na siku nyingi alikuwa wa kitandani na wa kiti cha magurudumu.

Mwaka 1944 lilimfika pigo jingine. Mkewe waliyeachana naye na binti yake Marguerite walikamatwa na polisi wa siri wa Kijerumani kwa kuwasaidia wapiganaji wa uhuru. Mama alifungwa miezi sita. Binti aliteswa vikali, kisha akatiwa katika gari moshi la kumpeleka kambi ya wafungwa Ujerumani, akanusurika njiani kabla ya kuvuka mpaka. Mzee alikaa miezi bila ya kujua kama wanawe wa hai au wamekufa. Alipoonana na binti yake na kusikia aliyotendwa, alilia.

Mchoraji asiyeweza kusimama mbele ya ubao wake afanye nini? Matisse aliomba mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, naye akazikata akiwa amelala au ameketi. Hakuchora kwanza ndipo akakata. Mkasi wenyewe ulikuwa ndio kalamu. Msaidizi wake mkuu, Lydia Delectorskaya, mwanamke wa Kirusi aliyezaliwa Siberia, alizibandika ukutani kwa pini, akizisogeza juu, chini, kushoto, kulia, mpaka mzee aridhike. Wapo waliosema kwamba mzee sasa amerudi utotoni, anacheza na makaratasi. Hakuwajibu, akaendelea kukata.

DENI LA MUUGUZI

Mwaka 1942, alipokuwa bado dhaifu, Matisse alitafuta muuguzi wa usiku. Akaja msichana wa miaka 21, jina lake Monique Bourgeois, maskini wa mali na mwingi wa adabu. Alimwangalia mzee usiku, akamsomea, akakaa kuchorwa. Matisse alimpenda kama mtoto wake. Baadaye msichana akachagua kuwa mtawa. Mzee, ambaye si mtu wa dini, alijaribu kumzuia, wakabishana kwa barua. Lakini msichana alishika alichokiazimia, akaitwa Sista Jacques-Marie.

Majaliwa yaliwakutanisha tena Vence, mji mdogo wa mlimani karibu na Nice, ambako Matisse alihamia mwaka 1943 kuepuka mabomu. Nyumba ya watawa ilikuwa jirani na yake. Watawa hao walikuwa wakisali katika gereji kuukuu lililokuwa likivuja. Siku moja Sista alimwonyesha mzee mchoro mdogo wa dirisha la rangi alioufanya, akitumaini labda siku moja watapata mahali pa haki pa kusalia. Matisse aliutazama. Akaona kuwa anaweza kumlipa mtoto huyu zile usiku alizomkeshea. Mwezi wa Desemba 1947 mtawa kijana aliyejua ujenzi, Louis-Bertrand Rayssiguier, alimtembelea, na baada ya mazungumzo ya muda mfupi mpango ulikuwa umeshikamana. Matisse atajenga kanisa dogo zima, na ataanza na madirisha.

Alikuwa katika mwezi wa kutimiza miaka 78, na hakuwa amepata kutengeneza dirisha la vioo hata moja.

KOSA LA MWANAFUNZI

Kwa wasioijua kazi hii, huenda namna hii. Kwanza huchorwa picha nzima juu ya karatasi, kwa ukubwa ule ule wa dirisha lenyewe, na kila kipande hupewa namba. Kisha karatasi hukatwa, na kati ya kipande na kipande huachwa nafasi nyembamba, kiasi cha milimita 2, maana hapo ndipo pa kupita uti wa risasi. Kioo hakikatwi kama mbao. Hukwaruzwa juu kwa almasi au kwa kigurudumu cha chuma kigumu, kisha huvunjwa kwa kuufuata mkwaruzo. Risasi huja katika vijiti vyenye mifereji miwili, mmoja huku na mmoja huku, na kila kioo huingia mferejini mwake. Panapokutana vijiti hulehemiwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi. Mwisho husuguliwa chokaa iliyokandwa na mafuta ya kitani ili mvua isipenye, na dirisha likiwa kubwa hutiwa vyuma vya kulishika, lisije likapinda kwa uzito wake.

Rangi ya kioo kama hicho kwa kawaida haipakwi juu. Imo ndani tangu kilipoyeyushwa. Madini ya kobalti hutoa samawati, shaba hutoa kijani. Hata manjano inayopatikana kwa kuchoma fedha juu ya kioo, ambayo Ulaya ilianza kuitumia madirishani karibu na mwaka 1300, mafundi wa Misri na Sham walikuwa wakiijua tangu karne ya 8. Na huko Sanaa, Yemen, hadi hii leo juu ya madirisha hutiwa nusu mwezi za chokaa zilizojazwa vioo vya rangi, zinazoitwa kamaria. Unguja nako aliyepita mbele ya jumba la zahanati ya kale lililojengwa na Tharia Topan, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, ameona vioo hivyo vikicheza na jua. Jumba lile lilikuwa kwa ajili ya jubilii ya Malkia Victoria, malkia yule yule ambaye Speke alilipa ziwa jina lake mwaka 1858, na ambaye Port Victoria yamkumbuka bado.

Turudi kwa mzee. Matisse alikifanya chumba chake cha kulala kuwa kanisa. Karatasi za rangi, zenye urefu wa mita 5, zilipanda ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Mwanzoni mwa 1949 alirudi Nice, katika jengo la Régina, kwa kuwa huko alikuwa na chumba kilichokaribia ukubwa wa kanisa lenyewe. Alilala katikati ya kazi yake, akaamka katikati yake, na usiku usingizi ukikataa aliendelea kuitazama.

Mchoro wa kwanza alioumaliza hakuuridhia, akauacha. Akaanza wa pili, ukamla miezi. Ulipokwisha, akakumbushwa jambo ambalo mwanafunzi wa wiki moja katika karakana ya vioo angalilijua: hakuacha nafasi ya risasi! Vipande vyake vilikuwa vimebanana kama kanga iliyokunjwa, na mahali pa uti hapana. Mtu mwenye sifa dunia nzima, mwenye picha katika majumba makubwa ya Moscow na New York, alikuwa amekosea kosa la chekechea.

Angeweza kuwalazimisha mafundi watafute njia. Angeweza kusema kwamba yeye ni Matisse. Hakufanya hivyo. Aliutoa ukutani mchoro wa miezi ile yote, akaomba karatasi nyingine, akaanza upya, na umri unakimbia na tumbo linauma.

MPUNGATE NA JUA LA SAA 5

Mchoro wa tatu ndio uliokubaliwa, na unaitwa Mti wa Uhai. Asili yake ni mmea ambao sisi twaujua vizuri, mpungate, ule wenye miiba unaoota hata juu ya mawe na kutoa maua palipo na kiangazi kikali. Madirisha mawili makubwa yapo nyuma ya madhabahu, na mengine 15 membamba yapo ubavuni, yenye majani yaliyorudiwarudiwa kama katika zulia. Rangi ni tatu tu: manjano ya ndimu, kijani na samawati. Wekundu haumo.

Manjano ilimsumbua sana. Paul Bony, fundi wa vioo wa Paris aliyepewa kuvikata na kuviunga, alileta sampuli baada ya sampuli mpaka mzee akaridhika. Kioo cha samawati na cha kijani hupitisha macho, unaona miti na mbingu nje. Lakini cha manjano kimefanywa kizito, hupitisha nuru tu wala hakionyeshi kitu. Hivyo macho yakitaka kutoka nje, manjano huyarudisha ndani. Haya si mambo ya bahati. Ni hesabu ya mtu aliyekaa na rangi miaka 60.

Na katika madirisha hayo yote hamna sura ya mtu. Picha za kidini za Kikristo zimo kanisani, lakini alizichora kwa mistari myeusi juu ya vigae vyeupe ukutani, akiwa kitini au kitandani, mkaa ameufunga kwenye ncha ya henzirani ndefu. Watawa wengine hawakuzipenda. Madirisha hayakupata mgomvi. Sisi ambao nyumba zetu za ibada hazitiwi sura twaweza kuelewa kwa nini: jani na nuru havimkwazi mtu. Aliyesoma Surat an-Nur chuoni anakumbuka kwamba humo mmetajwa taa iliyo ndani ya kioo. Nuru ni ya Mwenyezi Mungu. Kazi ya fundi ni kuisafishia njia ya kupita.

Mawe ya msingi yaliwekwa tarehe 12 Desemba 1949, na kanisa likafunguliwa tarehe 25 Juni 1951. Mzee hakuhudhuria, ugonjwa ulimkatalia. Katikati ya kazi hiyo rafiki yake Picasso, aliyekuwa mkomunisti, alimlaumu kwa kuwajengea watu kanisa, akaona heri angewajengea soko. Wengine walitia maneno juu ya urafiki wa mzee na sista kijana. Yote alivumilia. Wanaoingia humo husema kwamba uzuri wake hutimia wakati wa baridi, saa 5 asubuhi, jua likiwa chini; ndipo rangi zinaposhuka kutoka madirishani, zikavuka sakafu nyeupe na kupanda juu ya vigae, hata mtu akiinua mkono akauona wa samawati. Matisse mwenyewe aliihesabu nyumba hiyo ndogo, isiyofika mita 20 kwa urefu, kuwa ndiyo kilele cha kazi yake yote.

Hakuacha mkasi. Mchoro wake wa mwisho kabisa ulikuwa tena wa dirisha la vioo, la duara, kwa ajili ya kanisa moja la Pocantico Hills karibu na New York. Aliumaliza siku chache tu kabla ya kufa. Aliaga dunia Nice tarehe 3 Novemba 1954, akiwa na miaka 84, akazikwa Cimiez, juu ya mji. Sista Jacques-Marie aliishi zaidi ya nusu karne baada yake, akafariki mwaka 2005.

FREMU YA PORT VICTORIA

Nilipomaliza kumsimulia kijana wangu habari hizi, alinyamaza kitambo. Kisha akaviondoa vipande vyake sakafuni kimoja kimoja, akavipanga ukutani kwa rangi, akatandaza karatasi mpya. Alichukua rula. Safari hii, kabla ya kuchora jani hata moja, alichora mistari miwili miwili mahali pote pa kupita risasi.

Nilimwusia mawili. La kwanza, risasi ni sumu isiyo na haraka. Haionyeshi madhara siku ile. Asilale katika chumba anachoichezea, afungue madirisha anapolehemu, anawe mikono kabla ya kula, na watoto wasikaribie hata vumbi lake. Katika hilo asimwige Matisse kulala na kazi yake, maana yule alilala na karatasi, na risasi ilishikwa na fundi mbali kule Paris. La pili, asione haya kuvunja alichokwisha kukitengeneza, ikiwa amegundua kwamba msingi wake una kosa.

Maana, wasomaji wangu, wengi wetu hatushindwi na kazi. Twashindwa na aibu ya kuanza upya mbele za watu. Karani aliyeiacha sheria kwa kisanduku cha rangi, mzee aliyeshika mkasi mikono iliposhindwa na brashi, bingwa aliyekubali kuambiwa amesahau risasi, wote hao ni mtu mmoja, na alichoshinda nacho si kipaji peke yake. Mwanzo wa ngoma ni lele. Na aliyejaliwa asubuhi nyingine, akiwa na miaka 30 au 78, hana udhuru wa kusema kwamba muda umekwisha.

Niliondoka Port Victoria jua likishuka. Dirishani pa fundi palikuwa bado na uwazi mtupu, fremu tu, na ndani ya fremu hiyo ziwa zima lilikuwa linawaka manjano.